Ukanda Uliokatwa

Irene Marwa alifika ufukweni saa kumi kasoro dakika ishirini akiwa na viatu vya ofisini, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuvivua. Siku inayofuata Krismasi, ufukwe wa Durban hauna pa kuweka mguu. Mashuka, miavuli, masufuria ya wali na masanduku ya barafu yalikuwa yametandazwa kuanzia kwenye ngazi za barabarani mpaka maji yanapoanzia, na ukitaka kupita unaomba radhi kila hatua. Irene aliomba radhi kwa Kizulu, kwa Kiingereza, na mara mbili kwa Kiswahili, maana Wakongo wa Johannesburg nao walikuwa wameshuka kwa wingi mwaka huu.

Aliyekuwa akimwongoza ni Doudou, mtu mzima mwenye mvi, ambaye hulinda magari ya watu kwenye maegesho ya ufukweni. Kwao Uvira, mashariki mwa Kongo, alikuwa mwalimu wa jiografia. Ndiye aliyempigia Irene simu.

"Ni familia ya kwetu, Madame. Wametoka Joburg juzi. Mutoto wao Estella, wa miaka saba, amepotea tangu saa saba. Polisi wanasema maji yamemubeba."

"Na wewe unasemaje?"

"Miye sisemi kitu. Nimekuita wewe."

Irene aliwahi kuwa sajini wa polisi Musoma kabla ya kuhamia Durban, na sasa ana ofisi ya chumba kimoja katikati ya jiji, juu ya duka la simu. Kazi zake nyingi ni waume waliotoroka na mizigo iliyopotelea bandarini, kazi za mtu anayetaka kula na kulala bila ndoto mbaya. Watoto alishatafuta watatu. Aliwapata wawili, na yule wa tatu hamzungumzii.

Mama wa mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka, gauni limemlowa mpaka kifuani kwa sababu aliingia baharini na nguo zake zote. Jina lake Laetitia. Mapajani alikuwa amepakata kandambili mbili ndogo za buluu. Mumewe, Alain, alisimama kando akitazama bahari, na kila wimbi lilipovunjika alishtuka.

Irene alichuchumaa. "Pole, Mama Estella. Naitwa Irene. Mara ya mwisho ulimwona wapi?"

"Hapa hapa, kwa huu mukeka. Nilimuacha na papa yake, nikaenda toilette. Mulongo ulikuwa murefu, nilikawia kama nusu saa. Kurudi, nakuta papa yake anazunguka-zunguka, mutoto haiko."

"Amevaa nini?"

"Kaptula nyekundu, fulana nyeupe. Na ule ukanda wa orange kwa mukono." Laetitia aliinua zile kandambili. "Mama mumoja alikuta hizi zinaelea. Niambie ukweli, Madame. Mutoto wangu amekufa?"

"Sijui," alisema Irene, ambaye hakuwa na tabia ya kuwadanganya akina mama. "Nipe simu yako. Leo mlipiga picha?"

Swali lenyewe halikuwa na maana. Familia iliyokaa miaka tisa Afrika Kusini bila kuona bahari, ikaweka akiba, ikakodi chumba cha wiki moja karibu na maji, itakosaje kupiga picha? Zilikuwa zaidi ya mia. Estella akikimbia wimbi. Estella na farasi wa plastiki. Estella kwenye mabega ya baba yake, wote wawili wakicheka mpaka fizi, mtoto akiwa na pengo la meno ya mbele. Irene alizipitisha moja moja akitazama saa iliyoandikwa juu, mpaka akafika saa sita na dakika kumi. Hapo mtoto alikuwa ameketi kwenye mkeka huu huu, ameshika paja la kuku kwa mikono miwili, nyayo zimejaa mchanga.

"Hapa tayari hana viatu."

"Alivitosha kwa miguu mbele ya kula, saa tano, wakati tuliingia kwa maji."

"Mliviacha wapi?"

Laetitia alionyesha kwa kidole. Mahali penyewe sasa palikuwa na vijana wakirukaruka, maji yakiwafika kiunoni. Irene alimwita mwokoaji, mvulana mrefu aliyeungua pua kwa jua, akamuuliza maji yalianza kujaa lini. Tangu saa nne na nusu asubuhi, alijibu, na ndiyo kwanza yanaanza kurudi. Aliongeza kuwa boti imepita mara mbili na itapita tena, ila jua likizama inatoka majini, sheria ndiyo hiyo.

"Mama Estella, nisikilize," alisema Irene. "Viatu havikuingia baharini na mtoto. Vilikuwa mchangani tangu saa tano, na bahari ikavifuata. Kwa hiyo hivi viatu havituambii kitu. Umenielewa? Havituambii kwamba amekufa."

Laetitia aliitikia kwa kichwa, lakini hakuviachia.

Irene aliirudia ile picha, akaivuta kwa vidole mpaka mikono ya mtoto ikajaa kioo chote. Mkono wa kushoto, mkono wa kulia, mafuta ya kuku mpaka kwenye vifundo. Vifundo vyote viwili vilikuwa vitupu. Akamrudishia mama simu yake.

Katika siku kubwa kama hii, kila mtoto anayeshuka zile ngazi hukutana na wanaojitolea, wamevaa fulana za namna moja na vitambulisho shingoni. Wanamfunga ukanda wa plastiki wenye namba ya simu ya mzazi, na jina la mzazi linaandikwa kwenye orodha. Mtoto akipotea, anapelekwa kwenye hema, simu inapigwa, mambo yanakwisha. Irene alikuwa ameanzia kwenye hilo hema. Alikuta watoto kumi na tisa wanakunywa juisi na mmoja anawauma wenzake, lakini hakuna Estella.

Alifungua sanduku la barafu la familia. Kulikuwa na soda, chupa ya maji, na mfuko wa mifupa ya kuku. Alitia mkono kwenye mifupa bila kuona kinyaa. Ukanda wa rangi ya chungwa ulikuwa chini kabisa, umekunjwa mara mbili. Haukuwa umeng'atwa wala kuvutwa. Ulikuwa umekatwa mara moja, ukingo umenyooka.

Akaufumbata kiganjani, akatazama mikeka ya majirani, kisha akasimama.

"Kaka Alain, twende tukaoshe mikono."

Bomba la kuoshea mchanga lilikuwa hatua thelathini kutoka pale. Irene alilifungua, maji yakamwagika kwa kelele, na hilo ndilo alilolitaka.

"Unafanya kazi gani?"

"Miye? Coiffeur. Niko na salon Yeoville, kule Joburg."

"Na mkasi wako?"

Mkono wa Alain ulikwenda wenyewe kwenye kimkoba kilichokuwa kiunoni, ukafika kabla ya akili. Aliuondoa haraka. "Leo asubuhi nilinyoa ndugu kwa flat. Kwa nini?"

Irene akafumbua kiganja.

Alain aliutazama ule ukanda. "Bibi yangu hajue," alisema.

"Mkeo? Naona hajui. Amewaambia polisi mtoto ana ukanda. Spika zinatangaza ukanda tangu saa nane. Ufukwe mzima unamtafuta mtoto mwenye ukanda, kaka yangu, na mtoto huyo hayupo."

"Walikuwa na uniforme, Madame. Waliandika jina yangu, numéro yangu, kwa liste. Papiers zetu zimekwisha tangu mwezi wa sita, tunangoja jibu. Nilijiuliza, hii liste itaenda wapi? Kama wanakuja kutuchukua kwa flat? Nikakata. Nilimwambia Estella unakuwasha, tutafunga tena kesho."

"Polisi walipita hapa saa ngapi?"

"Polisi gani?"

"Usinichezee. Wanapekua masanduku ya barafu wakitafuta pombe. Kila sanduku walilofungua wameliwekea alama ya chaki. Jirani yenu wa kulia ana alama, wa kushoto ana alama, wa nyuma ana alama. Lenu ni safi. Hawakulifungua kwa sababu hawakumkuta mwenyewe. Mama alikuwa chooni. Wewe ulikuwa wapi?"

Alain aliangalia maji yanavyomwagika.

"Nyuma ya kioski," alisema mwishowe. "Nilibaona wanakuja, mikeka mitatu mbele. Nilimwambia Estella kaa kimya, usiseme jina. Nikaenda nyuma ya kioski. Dakika tano, Madame. Nilirudi, haiko. Dakika tano tu!"

Irene alitamani kumzaba kofi, na mkono wake ulikuwa tayari. Lakini mwanaume alikuwa ameshaanza kulia, machozi na kamasi pamoja, na kofi halingemrudisha mtoto. Alifunga bomba.

"Utamwambia mkeo mwenyewe, sasa hivi. Na huu shika, kaa nao. Nikiuhitaji nitakuomba."

Alimwambia. Alimwambia huku amepiga magoti mchangani, kwa Kifuliru cha kwao na Kiswahili vilivyochanganyika, na Irene alishukuru kwamba sehemu nyingine hakuielewa. Alitegemea kelele. Laetitia hakupiga kelele. Alimtazama mumewe, kisha akajisogeza upande wa pili wa mkeka, akampa mgongo.

"Mama Estella," Irene alisema, "tuna saa tatu za mwanga, hata hazifiki. Mtoto hakwenda majini na hakuibiwa. Aliona sare zinakuja, baba hayupo. Akiona sare mmemfundisha afanye nini?"

"Aondoke polepole. Asikimbie, kwa sababu ukikimbia wanakufuata."

"Aseme jina lake?"

"Hapana. Hata kidogo."

"Akiulizwa anakaa wapi?"

"Anyamaze."

"Aombe msaada kwa nani?"

Laetitia alizigeuza kandambili juu chini.

"Basi ana sheria nne, na zote ni za kukataa," alisema Irene, na sauti yake ilipanda bila yeye kupenda. "Asiseme, asikimbie, asijibu, asiombe. Akipotea afanye nini? Mtoto wa miaka saba lazima awe na kitu cha kufanya! Hamkumfundisha kitu hata kimoja?"

"Hatukumufundisha kitu," alisema Alain.

Laetitia alifungua mdomo akubaliane naye, akaufunga. Alizitazama zile kandambili.

"Mulongo," alisema.

"Mulongo gani?"

"Foleni, Madame. Ya ofisi ya wakimbizi. Tangu alikuwa na miaka mitatu nilikuwa naenda naye. Tunafika mbele ya jua kutoka, batu mingi, wanasukumana. Mimi nikienda kutafuta chai, yeye analinda nafasi. Nilimwambia, ukinipoteza, usitoke kwa mulongo. Ukifika mbele na sijaja, rudi nyuma, anza tena. Mimi nitapita kuanzia mbele mpaka nyuma, mpaka nikuone." Akamgeukia Irene. "Nikirudi ninaita, nani analinda nafasi yangu? Yeye anasema, miye. Kila mara. Njo mchezo wetu."

Irene alichomoa daftari. "Mwalimu," alimwita Doudou, "wewe unaujua ufukwe huu kuliko waliouchora. Nitajie foleni zote."

Doudou alihesabu kwa vidole. Vyoo. Aiskrimu. Bembea na mteremko wa maji. Mabomba ya kuogea. Wanaopiga picha na farasi. Taksi za kurudi mjini, kule nyuma ya magorofa.

"Vyoo mama yake alikuwepo, angemwona," alisema Irene, akikata kwa kalamu. "Saa saba mchana matofali ya ile njia yanachoma, mimi mwenyewe yameniunguza saa hizi. Mtoto hana viatu. Hawezi kusimama juani hata dakika mbili. Foleni ipi ina paa?"

"Taksi peke yake," alisema Doudou. "Iko na mabati."

"Ina vyuma vya kuzuia watu pembeni?"

"Iko."

"Mtu mwenye fulana ya kazi mbele, na watu wazima wamebeba mifuko?"

Laetitia alikuwa ameshasimama. Hakungoja jibu.

Foleni ya taksi ilikuwa ndefu kuzunguka kona, chini ya paa la mabati. Laetitia alianzia mbele kama alivyosema, akapita mpaka mwisho akiita. Watu walimtazama mwanamke huyu aliyelowa na mchanga wake, wengine wakacheka. Hakuna aliyejibu. Alifika mwisho, akageuka, na uso wake Irene hakutaka kuuangalia.

Irene alikwenda kwa mpanga foleni, bwana mnene mwenye kizibao cha kung'aa na filimbi shingoni. Waliongea Kizulu.

"Kaptula nyekundu? Eish, mama, huyo nimemwona. Alifika hapa mbele mara nne. Kila nikimuuliza mama yako yuko wapi, ananiangalia tu halafu anarudi nyuma. Hasemi kitu. Nikadhani anacheza."

"Hukusikia tangazo?"

"Nilisikia! Ndiyo maana nikamkagua mkono." Alijishika kifundo cha mkono, kimoja halafu kingine, akatikisa kichwa. "Hana ukanda. Nikasema basi, huyu si yule wanayemtafuta."

Laetitia hakujua Kizulu, lakini aliuona ule mkono ukishika kifundo, na kile kichwa kikitikiswa. Aligeuka, akamtazama Alain. Alain akautazama mchanga uliomganda miguuni.

"Sasa yuko wapi?" Irene aliuliza.

Bwana yule alianza kuelewa. "Saa kumi hivi alikuwa amesimama na mama mmoja mwenye watoto watano. Nikadhani ni wake, nikamshika bega nikampakia pamoja nao. Alikuwa anatetemeka, mama. Nikadhani ni baridi ya kuogelea."

"Taksi ya wapi?"

"Zote za hapa zinaishia Warwick, stendi kubwa ya mjini."

Irene alitazama saa. Zilikuwa zimepita dakika arobaini na tano.

Walipanda gari la Irene, Corolla ambayo mlango wake wa nyuma hufunguka kwa nje tu. Doudou aliacha magari ya watu yakijilinda yenyewe. Kwenye taa za kwanza za barabarani Irene alimpigia mpelelezi aliyepewa jalada, akamweleza mambo ya viatu, ukanda na taksi. Mpelelezi alisema atatuma gari Warwick likipatikana, na akauliza kama wazazi wana karatasi. Irene akasema mtandao unakatika, akakata.

"Akishuka Warwick," Laetitia aliuliza kutoka nyuma, "atafanya nini?"

"Yule mama atahesabu watoto wake, atakuta wa sita, ataanza kumuuliza jina. Estella ataondoka polepole."

"Halafu?"

"Halafu atafanya kitu kimoja anachokijua." Irene alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Uhakika hakuwa nao. Alikuwa na dau moja tu, na alikuwa ameliweka lote.

"Na milongo ikiisha? Batu wakienda nyumbani wote?"

Irene alibadili gia. "Tutakuwa tumefika."

Wauzaji wengi wa Warwick walikuwa wamefunga kwa sikukuu. Meza za dawa za mizizi zilikuwa zimefunikwa maturubai, na mama mmoja tu ndiye aliyekuwa bado anauza mahindi ya kuchemsha. Lakini taksi zilikuwa kazini. Chini ya madaraja, kando ya madaraja na juu yake, watu walikuwa wamejipanga wakielekea Umlazi, KwaMashu, Inanda, Pinetown, na kwingine ambako Irene hakukujua. Doudou alipanda ngazi akahesabu kutoka juu. Alirudi akasema ni foleni ishirini na tatu.

"Tugawane," alisema Irene. "Kila mtu foleni sita."

"Hapana." Laetitia alikuwa ameshaanza kutembea. "Akikuona wewe ataondoka. Hakujue. Akiona papa yake hatajibu, papa hakuwa kwa ule mchezo. Anangoja mimi. Na anangoja nitoke mbele."

Irene alikuwa na miaka ishirini ya kazi, lakini aliufuata mpango wa mama. Alichoweza kufanya ni kumtangulia, akiwauliza wapanga foleni kuhusu kaptula nyekundu, ili mama asipoteze dakika kwenye foleni ambazo zimekwishaangaliwa vizuri. Alain na Doudou walikwenda kusimama kwenye njia mbili za kutokea, mtoto asije akapitia hapo.

Foleni ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Nani analinda nafasi yangu?" Laetitia alianza kwa sauti kubwa. Kwenye ya tano sauti ilikuwa imeanza kukwaruza. Walevi wawili walimjibu kwa utani, "Mimi hapa, dada!" na akawapita bila kuwaona. Kwenye foleni ya Inanda Irene aliona kaptula nyekundu, akamvuta Laetitia mkono. Mtoto akageuka. Alikuwa na meno yote ya mbele na uso wa watu wengine. Laetitia alimtazama mtoto huyo muda mrefu kidogo, hata mama wa mtoto akaanza kukasirika.

Saa kumi na mbili jua lilikuwa limeshuka nyuma ya madaraja. Foleni za Pinetown zilikuwa zimekwisha kabisa, zimebaki vyuma vitupu na maganda ya karanga. Irene alivihesabu vyuma vile vitupu, foleni saba zilizoondoka na watu wake, na kwa mara ya kwanza siku ile aliogopa kwelikweli. Alimfikiria yule mtoto wa tatu.

Ilikuwa kwenye foleni ya kumi na nne, moja ya zile za Umlazi, ukutani karibu na ngazi. Irene alikuwa katikati yake aliposikia ugomvi kwa nyuma. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa akilalamika kwa sauti.

"Sogea basi! Huyu ana nini? Taksi zinaondoka, yeye anatuwekea pengo!"

Watu wa mbele walikuwa wamesogea, wa nyuma walikuwa wamekwama, na katikati kulikuwa na nafasi tupu ya kumtosha mtu mmoja. Kila alipojaribu mtu kuingia, mikono miwili midogo ilinyooka ikamzuia. Haikusindikizwa na neno lolote. Irene aliona kaptula nyekundu, na nyayo mbili nyeusi kwa vumbi la lami.

Hakumsogelea. Alirudi mbele, taratibu, akamkuta Laetitia anaanza foleni.

"Hii ipitie vizuri," alimwambia. "Usikimbie."

Laetitia alimwangalia usoni, akaelewa. Kisha Laetitia akapita, mtu mmoja mmoja, akiita, ingawa sauti haikuwepo tena na kilichotoka kilikuwa pumzi tu.

"Nani analinda nafasi yangu?"

"Miye," ilisema sauti kutoka kule nyuma.

Estella hakumkimbilia. Alibaki palepale, mikono bado imenyooka, mpaka mama yake alipofika mbele yake kabisa. Hapo ndipo alipoishusha.

"Umekawia, mama," alisema. "Batu walitaka kuingia. Nilikatala."

Laetitia aliingia kwenye ile nafasi, akasimama ndani yake, akamkumbatia mtoto kichwa na kandambili pamoja. Yule mwanamke aliyekuwa akilalamika alinyamaza, na baada ya kidogo alianza kujifuta macho na ncha ya kanga aliyombebea mwanawe. Irene alifungua daftari akaandika saa: kumi na mbili na dakika ishirini.

Alain alikuja mbio, Doudou nyuma yake. Aliwapita watu, akapenya, akanyoosha mikono. Estella alimwona juu ya bega la mama yake. Akatoa mkono mmoja, akaunyoosha kama alivyowanyooshea wengine wote.

"Hapana, papa. Hapa nafasi ni ya mama." Alionyesha kule foleni inakoishia. "Nyuma."

Alain alimtazama Laetitia. Laetitia hakuinua kichwa. Basi Alain akageuka, akawapita watu kumi na wanane, akasimama mwisho wa foleni, ule ukanda bado uko mkononi.